Dawa Iliyoondoka na Kazi Yake

Nchini kwetu dawa huitwa kwa kazi yake. Mgonjwa hasemi losatani wala metformini. Husema dawa ya presha, dawa ya sukari, dawa ya vidonda vya tumbo, dawa ya usingizi. Muuzaji wa duka la dawa hujibu kwa majina hayohayo, na daktari mwenye wagonjwa arobaini nje ya mlango huyatumia pia, maana yanaokoa muda. Sina ugomvi na majina hayo. Ni Kiswahili kinachoeleweka, na mwananchi wa kawaida huyashika upesi kuliko majina ya maabara. Hata hivyo yana kasoro moja: yanakipa kila kidonge kazi moja, ilhali vidonge vingi vina kazi mbili au tatu. Kidonge kinapobadilishwa, tunauliza kama hiki kipya kinafanya kazi iliyotajwa katika jina. Ile kazi isiyotajwa huondoka bila kuaga, na mgonjwa huanza kuugua ugonjwa anaoambiwa kuwa ni mpya.

Kwa kawaida mimi huandika juu ya bajeti, uchaguzi, serikali za mitaa na mienendo ya vyama vyetu. Leo naomba msomaji anivumilie niandike juu ya miguu yangu. Sitafuti pole, pole nimepewa za kutosha, kuanzia Tunduma hadi Mbeya. Naandika kwa sababu miezi kadhaa ya maumivu imenionyesha jinsi tunavyowahudumia watu wenye maradhi ya kudumu, na yale niliyoyaona hayahusu mguu mmoja wala mkoa mmoja.

Nina umri wa miaka 58. Nimeishi na kisukari kwa miaka 14 na shinikizo la damu kwa miaka 11. Nafundisha Mbeya, lakini nyumbani kwangu ni Tunduma. Kwa hiyo kila mwisho wa juma husafiri zaidi ya kilomita 100 kwa barabara kuu iendayo Zambia, nikipita Mbalizi, Mlowo na Vwawa, mara nyingi nikiwa nyuma ya malori yanayopanda milima kwa mwendo wa kinyonga. Asubuhi na jioni nameza metformini. Kwa ajili ya presha nameza losatani na amlodipini. Usiku nameza atovastatini ya kupunguza lehemu. Na kwa miaka minane, ilipofika saa tatu usiku, nilimeza pia amitriptilini, kidonge kimoja cha miligramu 25. Hiyo ndiyo iliyokuwa dawa yangu ya usingizi.

Mwaka jana, kipupwe kilipoanza, nilikwenda kuchukua dawa za mwezi katika kituo ninachohudumiwa. Binti wa dirishani ananifahamu. Alinipa shikamoo, akanihesabia vidonge vyangu, kisha akasema: "Mwalimu, ile yako ya usingizi imeisha, na hatujui italetwa lini. Daktari amekubadilishia. Hii nayo ni ya usingizi." Kidonge kipya kilikuwa prometazini, dawa ya mzio ambayo humletea mtu usingizi kama tokeo la pembeni, na ambayo kwa sababu hiyo hutolewa mara nyingi kwa wanaokosa usingizi. Binti yule hakunidanganya. Kwa kipimo cha jina, vidonge viwili vilikuwa sawa.

Usiku wa kwanza na wa pili nililala, tena usingizi mzito, nikaamka na kichwa kilichojaa ukungu. Usiku wa nne miguu ilianza. Kwanza ilikuwa hali ya kutotulia. Kila nilipojinyoosha, ndama za miguu ziliniomba nizichezeshe, kama mtoto aliyechoka kukaa kanisani. Nikiinuka na kutembea sebuleni hali hiyo ilipoa. Nikirudi kitandani ilirudi nami. Baadaye ukaja moto. Nyayo ziliwaka, vidole vikachomwa kama kwa sindano nyingi zisizochoma kwa pamoja, na uzito mdogo wa shuka ukawa adha. Kutembea hakukuuzima moto huo. Kufikia juma la pili nilikuwa nalala saa mbili au tatu, na asubuhi nasimama mbele ya wanafunzi nikiwa nimeegemea meza kama mzee wa ukoo.

Maumivu ya miguu hayakosi washauri. Mke wangu alisema ni baridi, na alikuwa na haki ya kusema hivyo, kwani kipupwe cha nyanda zetu si cha mzaha. Jirani alisema ni baridi yabisi. Mwenzangu kazini alisema ni gauti, akaniorodheshea nyama na maharage ya kuacha. Dereva mmoja wa lori, ambaye alikuwa amesubiri kuvuka mpaka kwa siku kadhaa, alisema ni kukaa sana, na kwamba hata yeye miguu humvimba. Mzee mmoja ninayemheshimu alinivuta pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini kama sikuwa nimekanyaga kitu njiani, na msomaji wa kwetu anajua kitu gani alikikusudia. Muuzaji mmoja wa dawa alinishauri nichome sindano ya diklofenaki siku tatu mfululizo.

Ushauri huo wa mwisho nautaja kwa makusudi, kwa kuwa ndio wa hatari kuliko yote, uchawi ukiwemo. Diklofenaki na ndugu zake zinaweza kupandisha presha na kuzikaba figo. Mtu mwenye kisukari, mwenye presha, anayetumia losatani, ana sababu tatu za kuziogopa bila ushauri wa daktari. Tena maumivu yatokanayo na mishipa ya fahamu hayazisikii sana dawa hizo. Mgonjwa huongeza dozi kwa sababu hapati nafuu, na figo hulipa deni ambalo mguu haukukopa.

Nilipozitafakari rai hizo usiku, niliona kwamba zote zilikuwa na umbo moja. Kila mshauri alitafuta kilichoingia: baridi imeingia, asidi imeingia, mtu mbaya ameingia. Hakuna aliyeuliza ni nini kilichotoka. Hata mimi, ambaye kazi yangu ni kuwafundisha vijana kuuliza ni nani aliyeondolewa mezani kabla ya uamuzi kupitishwa, nilikuwa natazama kidonge kipya tu.

Nikampigia simu tabibu wa kliniki ya kisukari, mtu mtulivu, akanipa kazi ambayo mwalimu yeyote angeipenda. Aliniambia nichukue daftari na kwa usiku saba niandike mambo manne: maumivu yalianza saa ngapi, yalikuwa ya kutaka kuchezesha mguu au ya kuwaka, kutembea kulisaidia au la, na nilikuwa nimemeza nini. Alinieleza kwamba hali ya miguu kutotulia usiku inajulikana katika utabibu kwa muda mrefu. Daktari Mwingereza Thomas Willis aliieleza katika karne ya 17, na Msweden Karl-Axel Ekbom akaipa maelezo kamili na jina mwaka 1945. Alama yake kubwa ni kwamba huja mtu anapopumzika, huzidi jioni na usiku, na hupoa akitembea. Dawa za mzio za aina ya prometazini zinaweza kuichochea. Moto wa nyayo ni jambo jingine, na chanzo chake ni kingine.

Baada ya usiku saba alinielekeza niache prometazini, nisiweke kitu chochote mahali pake, niendelee kuandika. Usiku wa tatu bila kidonge hicho, hali ya kutotulia ilikwisha kama taa iliyozimwa. Moto ulibaki palepale. Daftari lilikuwa limetenganisha vitu viwili ambavyo mimi, katika uchovu wangu, nilikuwa nikiviita kwa jina moja la maumivu ya miguu. Kidonge kilichoingia kilikuwa na hatia ya jambo moja. Jambo la pili lilihitaji mshitakiwa mwingine.

Mshitakiwa huyo alipatikana ndani ya sanduku la nyaraka za nyumbani. Wagonjwa wengi wa maradhi ya kudumu nchini huandikiwa katika daftari la shule, lile la mistari. Daftari likijaa, hununuliwa jipya, na mwandishi wa ukurasa wa kwanza wa daftari jipya hunakili dawa zinazoendelea. Hunakili jina na dozi. Sababu huachwa katika daftari la zamani. Nilikuwa na madaftari manne. Katika la pili, kwa mwandiko wa daktari mama aliyenihudumia Mbeya na ambaye amekwisha kustaafu, nilikuta mstari mmoja wa miaka minane iliyopita: ganzi na kuchomachoma vidole vya miguu, usiku, usingizi hautoshi. Chini yake: amitriptilini 25, usiku. Katika daftari la tatu palibaki amitriptilini 25, usiku. Katika la nne mtu alikuwa ameongeza kwa huruma, kwenye mabano: ya usingizi.

Hivyo ndivyo kazi moja ya dawa ilivyopotea kwenye kunakili. Hakuna aliyekosa uaminifu. Kila mwandishi alinakili kwa usahihi kile alichokiona kuwa cha lazima.

Nikapelekwa kwa daktari bingwa Mbeya. Alinivua soksi, akagusa nyayo zangu kwa uzi mgumu wa plastiki huku nimefumba macho, akiniuliza kila mara kama nimehisi. Kati ya sehemu kumi alizogusa kwenye mguu wa kushoto, nilihisi sita. Akagonga chuma kinachotetema akakiweka kwenye kidole gumba; nilihisi ubaridi wa chuma, mtetemo sikuuhisi. Akanieleza kwa lugha nyepesi. Sukari iliyokaa juu kwa miaka huharibu mishipa ya fahamu, na huanza na ile mirefu kuliko yote, yaani ile itokayo mgongoni hadi vidoleni mwa miguu. Ndiyo maana ganzi hupanda kama soksi, miguu kwanza, mikono baadaye. Jambo la ajabu ni kwamba mguu huohuo unaweza kufa ganzi na kuwaka kwa pamoja: mshipa uliojeruhiwa hauleti habari za nje, lakini hupiga kelele zake wenyewe.

Amitriptilini, akasema, iliidhinishwa Marekani mwaka 1961 kama dawa ya sonona, kwa dozi kubwa kuliko yangu. Baadaye madaktari waligundua kwamba kwa dozi ndogo hutuliza kelele za mishipa ya fahamu, na tangu miaka ya 1980 tafiti zimethibitisha manufaa yake kwa maumivu ya kisukari. Kuleta usingizi ni sehemu tu ya tabia yake. Kwa miaka minane kidonge kile cha bei ndogo kilikuwa kinafanya kazi mbili na kulipwa mshahara wa moja. Maumivu yangu "mapya" yalikuwa na umri wa miaka minane, yalikuwa yamefunikwa.

Alitaka pia nipimwe vitamini B12, kwa sababu metformini ikitumika kwa miaka mingi hupunguza uwezo wa mwili kuinyonya vitamini hiyo, na upungufu wake huharibu mishipa ya fahamu kwa namna inayofanana sana na kisukari. Damu ilitolewa ikapelekwa maabara nyingine. Jibu lilirudi chini ya kiwango. Nilikuwa na sababu mbili za moto, na moja kati yake ilitibika kwa sindano.

Hapa msomaji atauliza: kwa nini usinunue tu amitriptilini dukani? Swali ni la haki, na mjini Tunduma lina uzito wake. Mji wetu umepakana na Nakonde kiasi kwamba mgeni hupata shida kujua Tanzania inaishia wapi na Zambia inaanzia wapi. Kinachokosekana upande mmoja hutafutwa upande wa pili, iwe ni sukari, saruji au kidonge. Nilijua nikivuka asubuhi ningerudi mchana na pakiti mfukoni. Nilisimama na wazo hilo kwa muda mrefu.

Daktari alinizuia, na maelezo yake yalikuwa mazito. Mtu wa miaka 50 alipoanza dawa si mtu wa miaka 58. Amitriptilini inaweza kuvuruga mapigo ya moyo, kushusha presha ghafla mtu anaposimama, na kumzuia mwanaume wa umri wangu kukojoa vizuri. Mimi nilikuwa nimeongezewa dawa ya pili ya presha katika miaka hiyo. Kabla ya kuirudisha alitaka kipimo cha umeme wa moyo, presha ipimwe nikiwa nimelala na nikiwa nimesimama, na damu ya figo. "Baba, ilikufaa jana," alisema, "lakini sitaki nikutibu kwa hati ya jana." Basi nilisubiri majuma matatu nikiwa na moto wangu, dawa yenyewe ikiuzwa hatua chache kutoka nyumbani. Sijawahi kuona ushauri wa kitaalamu ukiwa mgumu kuufuata kama ule, na sijawahi kumlaumu mgonjwa anayeshindwa.

Katika majuma hayo niliona pia hatari ambayo usingizi ulikuwa umeificha. Mguu wenye ganzi huumia bila taarifa. Katika baridi ya Mbozi watu husogeza miguu kwenye jiko la mkaa. Mwenye ganzi huungua asijue hadi asikie harufu. Hukanyaga msumari akiwa na kandambili, akaendelea na safari. Kidonda kidogo kwa mwenye kisukari kinaweza kuwa mwanzo wa kukatwa mguu. Dkt. Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam amefanya kazi juu ya jambo hili kwa miaka mingi, na mradi wa Step by Step, ulioanza katika miaka ya mwanzo ya 2000 Tanzania na Asia Kusini, ulijengwa juu ya wazo rahisi: wafunze daktari na muuguzi pamoja, vua soksi za mgonjwa, tazama miguu kabla haijaoza. Katika miaka yangu yote ya kliniki, nilipimwa sukari na presha kila mara. Soksi zilivuliwa mara chache.

Sasa tuyatazame mambo ya umma, kama nilivyoahidi. Je, nchi yetu haiwezi kutunza kumbukumbu za sababu? Inaweza, na imekwisha kufanya hivyo. Dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zilipoanza kutolewa bure mwaka 2004, kliniki za CTC zilianzishwa zikiwa na kadi mbili: moja ya mgonjwa na nyingine ya kubaki kituoni. Ile inayobaki kituoni, CTC2, ina nafasi ya kuandika mgonjwa yuko katika dawa gani na, zinapobadilishwa, msimbo wa sababu ya kuzibadilisha. Katika mji kama Tunduma, wenye madereva, wafanyabiashara na wapita njia, mfumo huo umeokoa maisha ya watu ambao kwa kila hali nyingine ni vigumu kuwafuatilia.

Tena historia ya dawa hizo ina fundisho la miguu. Miongoni mwa dawa za awali ilikuwamo stavudini. Ilikuwa ya bei nafuu, na iliharibu mishipa ya fahamu ya wengi, nyayo ziliwaka. Malalamiko hayo yalikusanywa, yakahesabiwa, na mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilizishauri nchi ziiache hatua kwa hatua. Miguu ya wagonjwa ilibadilisha sera ya dunia kwa sababu mahali fulani mtu aliandika: amebadilishiwa dawa, sababu ni ganzi na maumivu. Vivyo hivyo kwa kifua kikuu: mgonjwa anayepewa isoniazidi huongezewa vitamini B6 ili mishipa ya fahamu isidhurike. Anayejua kwa nini kidonge cha pili kipo hatakiondoa kwa kuona ni vitamini tu.

Linganisheni hilo na mgonjwa wa kisukari na presha mwenye daftari la mistari. Au linganisheni na lori. Oktoba 2019 Rais John Magufuli na Rais Edgar Lungu walizindua Kituo cha Huduma za Pamoja Mpakani cha Tunduma na Nakonde, ili mzigo ukaguliwe mara moja badala ya mara mbili. Kila lori linalovuka lina karatasi zinazosema limebeba nini, limetoka wapi, linakwenda wapi, nani amelifunga na kwa nini. Shaba inayotoka Kongo kwenda bandari ya Dar es Salaam ina wasifu uliokamilika kuliko wa mgonjwa aliyesimama kando ya barabara akiitazama ikipita. Sisemi hivi kwa kejeli. Nasema kwamba taifa linalojua kufuatilia mzigo kwa maelfu ya kilomita halikosi akili ya kufuatilia kidonge kutoka daftari moja hadi lingine.

Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Ni sheria niliyoitetea darasani na ninaendelea kuitetea, kwa kuwa nakumbuka uchangiaji wa huduma ulioanza mwaka 1993 na jinsi ulivyowaacha wengi nje ya mlango. Lakini bima, kwa asili yake, hulipia vitu vinavyohesabika: kidonge, kipimo, kitanda. Dakika kumi za daktari kumuuliza mgonjwa "hii ulianzishiwa kwa ajili gani?" ni vigumu kuziingiza katika fomu ya madai. Tusipotafuta namna ya kuzithamini, tutakuwa na kadi kwa kila mwananchi na dirisha linalotoa vidonge vinavyofanana kwa jina.

Ninapendekeza mambo matatu, nayo hayahitaji mfadhili. Kwanza, kila dawa ya muda mrefu iandikwe pamoja na sababu yake, kwa maneno ambayo mgonjwa anaweza kuyasoma. "Usiku, kwa moto wa miguu na usingizi" ni maneno saba tu. Pili, ukurasa wa mwisho wa kila daftari la kliniki uwe orodha: dawa, ilianza lini, kwa nini, ilibadilishwa lini, kwa nini. Daftari likijaa, ukurasa huo ndio unakiliwe kwanza. Tatu, dawa inapokosekana na kubadilishwa, mgonjwa aambiwe arudi au apige simu baada ya juma moja endapo ataona jambo lolote geni, na jambo hilo lisiitwe jipya kabla ya kuulizwa kilichoondoka.

Kwa wasomaji wenye maradhi kama yangu nina neno moja la tahadhari: msiache wala msirudishe dawa kwa kusoma maneno ya mwalimu wa siasa. Mwili wenu una daktari wake na historia yake. Chukueni daftari, andikeni, mpelekeeni.

Kipimo changu cha moyo kilitoka salama. Daktari amenirudishia amitriptilini, nusu ya kidonge, pamoja na sindano za B12, na nusu ya pili bado tunaijadili kwa sababu presha yangu hushuka kidogo ninaposimama. Moto umepungua hadi kiwango cha kuvumilika. Nalala saa tano, siku nyingine sita. Ganzi haikuondoka, na nimeambiwa isitarajiwe kuondoka. Kila usiku mke wangu humulika nyayo zangu kwa tochi ya simu, kidole kwa kidole, akitafuta kile ambacho mimi siwezi kukihisi. Nami nimeanza kuwafundisha wanafunzi wangu wa mwaka wa pili swali ambalo nadhani linafaa dirishani, wizarani na bungeni: hiki tunachokiondoa leo, kilikuwa kinafanya kazi gani nyingine?